Mama Nyota na Benchi ya Mbele

Vijana wangu wa biro, ofisi yetu ya matembezi, tangu nilipopumzika hamjaniacha nipumzike. Kila wiki mmoja wenu anapiga simu. Mama Programu, bariere ya askari njia ya Fizi unaipitaje? Mama Programu, kwaya ya watu arobaini inapanda mlima kwa saa ngapi? Na juzi mmefungua kaye yangu ya zamani, daftari lile lenye jalada la plastiki, mkaona nimeandika kwa herufi kubwa MAMA NYOTA, BENCHI YA MBELE, KABLA YA JUMATATU, mkaniuliza ni kitu gani. Haya. Nitaandika yote mara moja, na mkimaliza kusoma muiache simu yangu ilale.

Jibu fupi ni hili. Mama Nyota alikuwa mama mzee wa pale Nyamianda aliyetaka kukaa mara moja tu, kabla hajafa, kwenye benchi ya mbele ya hekalu moja la zamani mlimani, na hekalu lenyewe lilikuwa linabomolewa. Kumfikisha pale ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizofanya. Lakini hamtaelewa ugumu wake bila kujua kazi yetu ilivyokwenda siku zile, kwa hiyo vumilieni, mtamfikia.

Mimi nilifundishwa na Mzee Ramazani, aliyeanzisha biro. Alikuwa Muislamu, wa zile familia za biashara ambazo babu zao walikuja kwa njia ya ziwa zamani sana, na katika mji mzima wa Uvira hapakuwa na mtu aliyejua makanisa kama yeye. Alijua mchungaji gani anahubiri mpaka mke wake mwenyewe anasinzia. Alijua kapela gani iko na choo na gani iko na ahadi ya choo. Alijua ufunguo unakaa kwa katekista yupi, na asubuhi ya Jumamosi katekista huyo analima shamba gani. Kazi yetu ilikuwa matembezi ya siku moja, asubuhi unatoka, jioni umerudi: mahekalu ya zamani, kapela za mlimani, msikiti wa wazee, na vilima vya kutazamia ziwa. Wateja walikuwa makwaya, akina mama wa makanisa, shule, maharusi wanaotaka picha na maji nyuma yao, na mara mojamoja wazungu waliofika na viatu vya kupanda milima mikubwa ya dunia, halafu wakapitwa na bibi kizee wa Kifuliiru aliyebeba mzigo wa muhogo, na kandambili miguuni.

Siku yangu ya kwanza Mzee Ramazani alinipa kwaya ya Kalundu. Makanisa matatu upande wa Makobola, kisha kilima. Mimi nilikuwa nimetoka shuleni na diplome yangu ya usekretari, kichwa kimejaa. Nikapiga programu kwa mashini, safi kabisa: saa mbili kuondoka, saa mbili na nusu kanisa la kwanza, saa tatu na robo kanisa la pili. Nikamletea. Akaisoma, akacheka mpaka akavua miwani kuipangusa.

"Weye binti, hapa iko saa tu. Sahani iko wapi?"

"Sahani gani, Mzee?"

"Nenda. Utaniambia ukirudi."

Nikaenda. Mungu wangu! Kwenye kanisa la kwanza kwaya haiwezi kuingia kimya, lazima iingie ikiimba. Wenyeji nao lazima wajibu kwa wimbo. Na wageni hawawezi kuacha wimbo wa wenyeji bila jibu. Halafu kila mgeni anasimama, anasema jina, anasema kanisa lake, anasema ameokoka namna gani, na walikuwa watu arobaini na mmoja, kati yao mlevi mmoja wa zamani aliyeokoka kwa hatua nyingi. Kisha chakula: bugali, sombe, ndagala. Nikasema asante sana, tumeshakunywa chai. Mama wa jiko akanitazama kana kwamba nimemtukana mama yake mzazi.

"Mgeni anatoka kwangu na njaa? Nitaonekana muntu wa namna gani?"

Tukala. Kanisa la pili walikuwa wameshapigiwa simu kuambiwa la kwanza limepika nini, basi wao wakapika samaki mkubwa, sangala, na sombe yao ilikuwa na mafuta zaidi. Kanisa la tatu lilichinja mbuzi. Kilima hakuna aliyekipanda. Sauti zote za tenori zilikuwa zimelala kwenye bisi, mikanda imefunguliwa, na solisti mmoja aliliona ziwa kupitia dirishani, akasema inatosha.

Jioni Mzee Ramazani aliniuliza, "Sasa umeona?" Akaniagiza niandike kwenye kaye, na ninyi andikeni: usipange kwa saa, panga kwa sahani. Sahani moja inakula saa mbili za siku. Tumbo la kwaya linabeba sahani mbili, ya tatu inaua safari. Na kilima unakipanda kabla ya sahani ya kwanza, kwa sababu baada yake hata malaika hawezi kumwamsha muntu wa besi.

Mengine niliyojifunza kwake nitayasema haraka. Msipeleke watu kutazama ziwa wakati wa kipwa, hata kama njia ni kavu na kila mtu anafurahia ukavu huo. Mvua zikikatika, vumbi na moshi wa milima inayochomwa vinafunika kila kitu, na mtu anapanda saa mbili ili aone rangi ya majivu. Ziwa linaonekana msimu wa mvua, asubuhi, hewa ikiwa imeoshwa usiku, na hapo unaziona nyumba za Bujumbura ng'ambo mpaka unadhani utamwita mtu. Lakini saa saba au nane mvua inarudi, na njia za mlimani zinakuwa sabuni. Maana yake ufike mapema. Ziko pia siku ambazo barabara haipitiki kwa sababu ambazo hazihusu mvua. Siku hizo funga biro, nenda nyumbani, lala.

Kashe, yaani muhuri, ni chombo cha kwanza. Karatasi yenye programu bila kashe, pale bariere, ni karatasi ya kufungia karanga. Ikipigwa kashe, hata ikiwa juu chini, ni karatasi ya serikali. Filimbi ni chombo cha pili. Chombo cha tatu ni uso usioona haya, na huo haununuliwi sokoni.

Nilijaribu ujanja pia, sifichi. Niliona kwamba mwezi wa Ramadhani, Mzee Ramazani akiongoza mwenyewe, wenyeji walikuwa wanasema tu, "Aa, Mzee amefunga," wanapika kidogo kwa heshima yake, na safari inakwenda kama maji. Nikasema ahaa. Safari iliyofuata, kule Kiringye, nikamwambia mama wa jiko kwamba mimi na kundi langu tumefunga, tunaomba. Loo! Yule mama akaita wenzake wote wafungaji, maana kule kila wiki iko mtu aliyefunga kwa ajili ya jambo. Wakatuweka katikati, wakatuombea. Sahani ingetuchukua saa mbili. Maombi yalichukua tatu na nusu, na tulitoka na njaa kweli. Nilipomsimulia Mzee Ramazani, aliniletea ndizi mbili na maji.

Sasa Mama Nyota.

Aliingia biro asubuhi ya Jumanne, msimu wa mvua, akitembea kwa fimbo kwa sababu ya kiuno. Nilimjua kwa sura kama mtu wa kikundi cha akina mama wa Nyamianda, ambao Jumamosi ya wiki hiyohiyo nilikuwa ninawapeleka kwenye kapela mbili za upande wa Makobola. Akakaa, akapumua, akasema, "Mama Programu, ongeza kituo kimoja." Akataja hekalu la juu ya kilima kimoja kule nyuma ya kapela ya pili. Jina la kilima nitaliacha, wenyewe wanajijua.

"Mama, kule juu kuna nini?"

"Jumatatu wanaanza kulibomoa, wajenge jipya la matofali ya kuchoma. Minye nataka kukaa kwenye benchi ya mbele, mara moja tu."

Akanisimulia bila aibu, kwa sauti kama ya mama muuza samaki. Alikuwa msichana pale juu. Akapata mimba kabla ya ndoa. Jumapili moja mzee wa kanisa akasimama mbele ya watu wote, akamtaja jina, akamtenga, akamwonyesha benchi ya nyuma karibu na mlango, wanakokaa waliotengwa, pamoja na mbwa wanaokimbia mvua. Alikaa pale mpaka alipoolewa na kuhamia mjini, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia rudi mbele.

"Na mwanaume aliyekupa mimba?" nikauliza.

"Mume wangu, Mungu amrehemu? Yeye alikuwa kwenye kwaya. Alibaki kulekule mbele, anaimba besi."

Jamani, nilikasirika kana kwamba jambo limetokea asubuhi ile. Nikamwambia achukue moto tu, ile pikipiki ya abiria, kesho yake, afike peke yake bila kelele. Akanitazama kama mimi ndiye niliyezeeka.

"Kwanza, kiuno hiki moto itakimaliza. Pili, minye walinitoa mbele ya watu. Nitarudi mbele ya watu."

Nikapeleka hesabu kwa Mzee Ramazani. Bisi moja, Jumamosi moja. Njia ya kwenda kilimani inapita katikati ya vijiji vyenye zile kapela mbili, na huwezi kupitisha bisi ya akina mama waliovaa kitenge kimoja mbele ya jiko linalofuka moshi kwa ajili yao bila kusimama. Wangetusema mpaka kizazi cha tatu. Mzee akahesabu kwa vidole.

"Sahani mbili kabla ya mlima, halafu mvua. Haifiki, binti."

"Itafika."

"Itafika namna gani?"

"Sijui, Mzee."

"Basi angalau unajua kwamba hujui," akasema, akanipigia kashe kwenye programu.

Jumamosi tulitoka saa kumi na mbili na nusu. Kapela ya kwanza niliwakata kwenye utambulisho: nilipiga filimbi kila mama aliposema zaidi ya jina na kanisa. Mama mmoja aliyekuwa na ndoto ya kusimulia hajanisamehe hadi leo. Tulikula haraka, tukaimba tukiwa tunatembea kuelekea bisi, na saa nne na nusu tulikuwa kwenye kapela ya pili. Nilipotazama juu, wingu lilikuwa limeshaweka kichwa nyuma ya mlima. Mama Nyota naye aliliona. Alikaza mkono kwenye fimbo, na mimi nikageukia uani: sufuria zilikuwa bado hazijaiva. Maharagi, mnaelewa? Maharagi hayaharakishwi na mtu.

Nikaenda jikoni. Mama wa jiko wa pale alikuwa mtu mzito, na mwiko wake mzito. Nikamwambia ukweli: mama yetu mmoja mzee ana jambo lake kule juu, mvua inakuja, tukingojea sahani tutamrudisha mjini na uchungu wake. Akatikisa kichwa. Alimhurumia, lakini chakula cha watu ishirini kingekwenda wapi, na majirani wote walikuwa wameona sufuria?

Hapo akili ikanijia, sijui kutoka wapi. Katika nyumba zetu, mjomba mmoja akienda kwenye matanga, ukoo wote umekwenda. Nikasema, "Mama, nakuachia wawili. Watakula kwa niaba ya wote."

"Wawili? Kwa sahani ishirini?"

"Mama, hawa wawili hujawajua."

Nikageuka, nikawachagua mbele ya kundi zima, kwa jina na kwa uwezo. Dada wawili wa tumbo moja, wenye duka la mikate, wanawake wa kuheshimika na wapana. Mmoja akasema, "Ee Bwana, kumbe niliitwa kwa kazi hii." Mama wa jiko akawapima kwa macho, juu mpaka chini, akacheka mpaka mwiko ukaanguka. Akasema sawa, nendeni. Tulipowarudia jioni walikuwa wamelala kwenye mkeka, sufuria zimegeuzwa, na mwenyeji ameketi pembeni akiwapepea kwa heshima. Tangu siku ile kila safari ya biro imekuwa na walaji wake, na ninyi mlidhani ni utaratibu ulioandikwa na serikali.

Bisi ilitufikisha mahali njia inapoisha. Shofa wetu alisema hapa ndipo mwisho wa imani yake. Tukaazima kiti cha plastiki kwenye nyumba ya karibu, tukamkalisha Mama Nyota, tukamwinua wanne wanne, kwa zamu, vitenge vimefungwa juu ya magoti. Akina mama wakaanza kuimba ili kusahau mikono. Mama Nyota, juu ya kiti kama chifu, akasema, "Mnapiga besi vibaya. Marehemu angewacheka." Tukacheka sana, tukaacha kuimba, halafu tukaona kilima kinazidi bila wimbo, tukaanza tena.

Tulifika kabla ya saa saba, wingu likiwa juu yetu kabisa. Na pale nikataka kulia. Sementi ilifika mapema kuliko walivyotarajia, kwa hiyo hawakungojea Jumatatu. Mabati yalikuwa chini yamepangwa. Ukuta wa mbele, ule wa nyuma ya mimbari, ulikuwa umeangushwa wote. Benchi zilikuwa nje, zimerundikwa kama kuni. Shemasi mmoja wa makamo, mwenye kofia na matope mpaka magotini, alikuwa anasimamia vibarua wawili.

Tukamweka Mama Nyota chini. Akaenda kwenye rundo la benchi kwa fimbo yake, akazizunguka, akagusa moja.

"Hii. Hii ndiyo iko na mgongo. Zetu za nyuma hazikuwa na mgongo."

Shemasi akaja mbio. "Karibuni, mama zetu, poleni na mlima. Lakini ile benchi ni ya wazee wa kanisa na kwaya. Desturi ya hapa..."

"Mzee wa kanisa yuko wapi?" Mama Nyota akauliza, akatazama vizuri, ndani ya hekalu lisilo na paa, kushoto na kulia. Vibarua nao wakatazama, kana kwamba pengine yuko. "Weye mutoto wa nani?"

Shemasi akataja baba yake, na babu yake.

"Eee," Mama Nyota akasema taratibu. "Basi babu yako ndiye aliyenitoa."

Akamwambia yote, mbele ya vibarua na mbele yetu, maneno machache kuliko aliyoniambia mimi. Yule mwanaume akavua kofia. Halafu akaita vibarua, wakainua benchi ile watatu, wakaiingiza, wakaiweka palepale ilipokuwa inakaa, alama za miguu yake zilikuwa bado kwenye sakafu. Mama Nyota akasogea, lakini hakukaa. Akasimama mbele yake.

"Sasa sema."

"Niseme nini, Mama?"

"Babu yako alisema mbele ya watu. Weye pia sema mbele ya watu."

Shemasi akasimama pale penye nafasi ya mimbari, matope miguuni, kofia mikononi. "Mama Nyota," akasema, "kanisa limekosea. Rudi, ukae mbele."

Akakaa. Akaegemea ule mgongo wa mbao, akajisogeza kulia, akajisogeza kushoto, akakunja uso.

"Kumbe yenyewe ni ngumu hivi," akasema. "Na marehemu alikuwa ananiringia!"

Tulicheka tukiwa tunalia, shemasi naye, na mimi nilikaa chini kwenye vumbi la sementi. Shemasi akamwambia aichukue ile benchi, iwe yake, vibarua wataishusha mpaka kwenye bisi. Mama Nyota akamshukuru, akakataa. Akasema nyumbani kwake hakuna mtu aliyewahi kumkalisha nyuma.

Matone ya kwanza yakaanza kuanguka, makubwa, moja hapa, moja pale. Nilijua njia ya kushuka itakuwaje baada ya nusu saa, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, kujua. Nilifungua mdomo niwaambie muda umekwisha, kisha nikaufunga. Mama Nyota alikuwa bado amekaa, kitambaa chake kinalowa, mikono juu ya fimbo. Mbele yake ukuta haukuwepo. Ziwa lote lilikuwa pale chini, kutoka Uvira mpaka macho yanapoishia, na kati yake na ziwa hapakuwa na kichwa cha muntu yeyote.